Mabeseni Mbele ya Kinu cha Jua

Niliondoka Kolwezi asubuhi moja bila kujua ninaenda wapi. Nilikuwa nimechoka tu. Nilikuwa nalala kwa rafiki karibu na mgodi wa Mutoshi, na kutwa nzima nilitazama malori yakipita na shaba na kobalti. Tunaambiwa madini yale yanaendesha magari yasiyotoa moshi huko ng'ambo. Sisi kwa rafiki yangu tulikula bukari, ugali wetu, kwa mwanga wa mshumaa. Nikasema nitatafuta hata sehemu moja ambapo umeme huo safi umemfikia mtu wa kwetu. Nikikosa, basi nitakuwa nimeona barabara.

Kwenye njia ya kwenda Kasaji, lori dogo lilisimama. Mbele walikaa dereva mnene aitwaye Kazadi na mkubwa wake, mtu wa ofisi fulani ya serikali, mwenye shati lililopigwa pasi. Dereva alimwita Chef, yaani mkubwa: Chef Donat.

"Unaenda wapi?" Chef akaniuliza.

"Mbele."

Akacheka. "Panda nyuma. Mbele ni bure."

Nyuma hapakuwa na kitu ila kamba na magodoro ya zamani. Niliyalalia nikashukuru.

Kwa muda mrefu tulipita kati ya magunia ya makala, mkaa wa kupikia, yaliyosimama kando ya njia, vichwa vyao vimefungwa kwa majani, na vijana wakisukuma mengine juu ya baiskeli. Nyuma yao pori lilikuwa visiki vitupu. Kisha magunia yakaisha, na miti ikaanza kusimama wima pande zote mbili, hewa ikapoa. Tuliposimama kupoza injini, nilimuuliza Kazadi kulikoni.

"Huku bahakatake miti," alisema. "Kinshasa ilileta feza kwa bijiji vyenye vitaacha pori ku chanzo ya maji. Baliacha makala, serikali ikabapa kinu ya jua na pompi ya maji."

"Na sisi tunaenda kufanya nini?"

Alitazama kule Chef alikokuwa anajisaidia. "Tunaenda kutosha ile jua, kuitoa ku kinu."

Ndipo nilipoelewa kazi ya magodoro. Yalikuwa ya kulazia vioo vya paneli visivunjike.

Saa sita mchana tukaingia kijijini. Kinu kilikuwa nyumba ndogo ya matofali yenye paneli juu ya bati, nacho kilisaga bila moshi, kwa sauti ya chini. Kutoka mlangoni kwake mabeseni yalijipanga hadi barabarani, yamejaa mahindi na mihogo mikavu, kila moja na kipande chake cha kitenge. Wenyewe hawakuwepo. Wengine walikuwa shambani, wengine wanachuma uyoga porini. Nilimuuliza mama aliyekaa kizingitini, Mama Ngoie, mwangalizi wa kinu, kama mtu haruki mstari.

"Beseni njo mwenyewe," alisema. "Ukipita beseni yangu, umenipita mi."

Chef Donat alishuka, akasalimia vizuri, akasema paneli zinahamia ofisini kwake, kwa maana mashine za ofisi zimelala kwa kukosa umeme. "Hii ni bintu ya serikali," alimaliza.

"Ndiyo, Tata," Mama Ngoie akajibu. "Beseni yako iko wapi?"

"Mi sikuye kusaga."

"Kila mutu anakuya ku hii kinu anapanga beseni yake mu mulongo."

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Chef hakucheka. Alimwamuru Kazadi azungushe lori lifike ukutani kwa upande wa pili. Kabla gurudumu halijageuka, mama mmoja aliweka beseni mbele yake. Mwingine akaweka lake nyuma. Wakatoka majumbani na ya mahindi, ya nguo, hata matupu, mpaka lori likazungukwa.

"Enda," Chef akasema.

"Chef, siwezi kukanyaga bamama."

"Ni mabeseni, Kazadi."

"Mama yangu alizaliwa huku. Mi najua ni nini." Akazima injini.

Mama Ngoie akasimama. Hakupaza sauti. "Bwana yangu alikuwa na tanuri ya makala kule juu. Aliizima kwa mikono yake, na njaa ilikuwa mu nyumba. Serikali ilitoa jua, sisi tulitoa kazi. Mukibeba jua, kesho mashoka inaingia, kijito kinakauka, na tunarudia kubeba mahindi ku kichwa mpaka ku kinu ya ku reli. Nani atatuambia tena tuache pori?"

Chef alinigeukia mimi. "We uliyepanda bure, sogeza haya mabeseni."

Nilikuwa na deni la safari, kweli. Lakini nilishusha begi langu kutoka nyuma ya lori, nikamuuliza Mama Ngoie kama kuna beseni lisilo na mtu wa kulilinda. Akanionyesha moja la mahindi. Mwenye nalo alikuwa kwenye nyumba ya kujifungulia, uchungu umeshika, chini ya taa ya jua hilo hilo. Nikalibeba, nikaliweka chini ya pua ya lori.

Wanawake waliondoa mabeseni upande mmoja tu, ule wa kurudi lori lilikotoka.

"Nitarudi na polisi," Chef alisema akipanda.

"Mukuye," Mama Ngoie akajibu. "Mutapanga."

Lori lilipotoweka, alinitazama. "Na weye, unalala wapi?"

"Sijui, Mama."

Akanifungulia chumba nyuma ya kinu. Palikaa mapipa ya dizeli ya injini ya kinu cha kale kabla haijafa, na ukuta ungali unanuka mazutu hayo. "Kama polisi banakuya, hapa njo batafika kwanza," alisema. "Ukiogopa, iko chumba ingine kwa ndugu yangu."

"Hapa panatosha."

Shule niliiacha mapema, siwezi kuwaeleza ninyi wa Kolwezi mipango ya Kinshasa. Ila akija mtu kuwaambia kwamba feza ya pori na ya jua ni mapambo ya wakubwa, mjibuni kwamba mimi nimeona unga wake, na nimeona watu wasiokubali unyang'anywe.

Nilitupa begi kitandani nikatoka mbio. Zamu ya beseni lile la mahindi nililolibeba ilikuwa imefika, na mwenye nalo alikuwa bado anajifungua.