Nusu Kichwa cha Mwalimu Mkuu

Mtaa mzima ulimwita Kimya, na aliitikia. Alikuwa kinyozi kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akimsengenya mtu. Vinyozi wengine hunyoa kwa mikono na kuuza habari kwa mdomo. Yeye alinyoa tu. Ungekaa kwenye kiti chake, ungemwaga siri zako zote, na ungeondoka ukijua zimebaki pale pale sakafuni pamoja na nywele.

Lakini ukimya huo ulikuwa na hasara zake. Akiuziwa shati lenye mkono mmoja mfupi, alilikunja mikono yote miwili akalivaa. Akiletewa chai ya baridi mgahawani, aliinywa na kushukuru. Mkewe, mpishi wa shule mwenye sauti ya kuitia watoto mia nne kwa mara moja, ndiye aliyempigania kila mahali. "Baba Pacha," alizoea kumwambia, "wewe ungeuziwa kiatu cha kushoto tupu, ungejifunza kutembea upande." Kimya alicheka, akakubali, na mambo yakaenda hivyo.

Sasa wiki moja mkewe alisafiri na watoto wao pacha kwenda kumwona mama yake, na ndiyo wiki ambayo Kimya alinunua mashine mpya ya kunyolea. Ile ya zamani ilikuwa imechoka hata ikawa inang'oa nywele badala ya kuzikata. Hii mpya ilikuja kwenye boksi zuri, na waranti ya mwaka mzima. Siku ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Siku ya pili ilimzimikia mara mbili, lakini akaiacha ipoe ikawaka tena, naye kwa tabia yake akajilaumu mwenyewe: labda hajaizoea.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Alikuwa na sherehe ya kugawa zawadi kwa wanafunzi saa nane mchana, wageni rasmi wamealikwa, na alitaka kunyoa kipara safi. Kimya akamfunga kitambaa shingoni, akaanza upande wa kulia. Upande wa kulia ulipokwisha, mashine ikanguruma, ikapata moto, ikanyamaza.

Safari hii iliachwa ipoe, ikagoma. Kimya akaipuliza, akaitia mafuta, akabadilisha soketi. Wapi. Mwalimu mkuu akajitazama kwenye kioo: upande mmoja unang'aa kama sahani, upande mwingine una mvi zake zote kamili.

"Fundi," alisema taratibu, "mimi siwezi kugawa zawadi hivi."

"Naona, mwalimu."

"Una mashine nyingine?"

"Ile ya zamani nimeiuza kama spea kwa fundi redio."

Kimya akachomoa waya ukutani. Angalikuwepo mkewe, angalikuwa ameshafika dukani zamani. Akaitazama simu, akaona ujinga kumsumbua mtu aliye safarini. Akatia mashine kwenye boksi lake, risiti na karatasi ya waranti mfukoni, akafunga mlango. Mwalimu mkuu akajitupia taulo kichwani, akasema, "Twende wote. Nikibaki hapa wanafunzi watanichungulia dirishani."

Duka lilikuwa mtaa wa tatu, kubwa, lina feni na rafu za pasi na redio mpaka darini. Nyuma ya kaunta kulikuwa na tangazo la herufi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi kama karatasi. Alipoona boksi linarudi, uso wake ukafungwa kabla mtu hajafungua kinywa. Akanyoosha kidole tu kwenye tangazo.

Mwalimu mkuu, aliyezoea kusikilizwa, akaanza kuhutubia. Akazungumza juu ya haki, uadilifu na kizazi cha leo. Muuzaji akamsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, halafu akasema, "Mzee, mashine zetu hazina tatizo. Labda huyu fundi wako hajui kunyoa."

Kimya alikuwa amesimama nyuma kidogo, tayari nusu ameshageukia mlango. Neno lile likampiga mahali ambapo shati la mkono mfupi na chai ya baridi havikuwahi kufika. Miaka kumi na tisa! Akapiga moyo konde, akasogea mpaka tumbo likagusa kaunta.

"Iwashe," alisema.

"Nini?"

"Mashine. Chomeka hapo, iwashe."

Muuzaji akaichomeka kwa dharau, akabonyeza. Mashine ikaimba vizuri, bila kosa, kama haijawahi kumtesa mtu. Wateja wawili wakacheka. Muuzaji akatandaza mikono: si mnaona wenyewe? Mwalimu mkuu akainamisha kichwa, taulo likamfunika macho.

"Usiizime," alisema Kimya. "Iache hapo hapo. Hudumia watu, mimi nasubiri."

Wakasubiri. Mama mmoja akanunua balbu. Mzee mmoja akaulizia betri, akapata jibu, lakini hakuondoka. Akaegemea kaunta aone mwisho. Dakika tano, nane, kumi. Muuzaji akaanza kupiga mluzi. Ilipoingia ya kumi na moja, mashine ikabadilisha sauti, ikanguruma, ikatetemeka juu ya kioo cha kaunta, kisha kimya. Muuzaji akaishika aiwashe tena, akaiachia haraka na kupuliza vidole.

"Imekuunguza?" mzee wa betri aliuliza kwa huruma ya uongo. Duka zima likaangua kicheko.

Kelele hizo zikamtoa meneja ofisini, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Akauliza kuna nini. Kimya akamweleza kwa mpangilio: siku aliyonunua, mara ilizozima, na alivyoiacha bila kuifungua hata skrubu moja. Akaweka risiti, akaweka waranti. Alijisikia akizungumza na kushangaa sauti hiyo inatoka wapi.

"Lakini tangazo letu umelisoma, baba," alisema meneja.

"Nimelisoma, mama. Lile linamhusu mtu aliyebadili mawazo. Mimi sijabadili mawazo, mashine bado naitaka. Nataka tu ile inayonyoa."

Meneja akavaa miwani. "Basi tuipeleke kwa watengenezaji waiangalie. Wiki tatu hivi."

"Mimi sikununua kwa watengenezaji, nimenunua kwenu. Na wiki tatu nitafanya kazi na nini? Na huyu je?"

Hapo mwalimu mkuu, bila kuambiwa, akavua taulo. Mama wa balbu akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee wa betri akalazimika kukaa chini. Hata meneja, aliyejitahidi sana kukaza uso, mabega yalimsaliti.

"Mpe mashine mpya," alimwambia muuzaji. "Na uandike upya hiyo waranti, ianze leo."

Mtu mwingine angeshukuru akakimbia kabla hawajageuka. Kimya akashukuru, lakini hakutoka. "Hii nayo naijaribu hapa hapa," alisema. Akaomba stuli, akamketisha mwalimu mkuu katikati ya duka, kati ya majokofu na pasi, akaanza upande wa kushoto. Alinyoa polepole kwa makusudi, akirudia nyuma ya masikio na kusawazisha pasipohitaji kusawazishwa, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Dakika kumi na moja zikapita. Kumi na tano. Dakika ya ishirini akaigusa mashine kwa shavu lake: vuguvugu tu. Akapangusa kichwa cha mwalimu kwa taulo, na wateja wakapiga makofi. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyeleta ufagio, na alipomaliza kufagia akasema, akiangalia chini, "Fundi, nisamehe kwa lile neno."

"Yamekwisha," alisema Kimya. "Nywele zako nazo zimezidi. Pita kwangu Jumamosi."

Mwalimu mkuu aliwahi sherehe yake. Mke wa Kimya aliporudi, habari zilimpokea kituoni kabla mumewe hajafika kumbebea mizigo, tena zikiwa zimetiwa chumvi: eti amesimama juu ya kaunta, eti amemfokea meneja. Akamkalisha jikoni amsimulie yote mwanzo hadi mwisho. Kimya akasimulia kwa sentensi nne.

"Ndiyo basi?" mkewe alishangaa. "Na yale ya kubadili mawazo, kweli uliyasema wewe?"

"Niliyasema."

Mke akaweka kijiko mezani. "Yaseme tena," alimwambia, "pacha wasikie."