Siku wanawake wa Buterere tulipokaa ndani ya kijito kuzuia malori ya askari

Wakuu, habari za humu. Hii nimeiishi mwenyewe, sikusimuliwa, na chumvi siongezi.

Wakati wa vita nilikuwa naishi Buterere, kule kwenye mashamba ya mpunga, kaskazini mwa Bujumbura. Mabomba yalikuwa yamekauka. Mtaa mzima tulitegemea kijito kimoja.

Shida ilianza askari walipoweka kambi upande wa juu. Madereva wao wakawa wanaoshea malori humo humo. Oil, dizeli, matope, vyote vinatushukia sisi.

Watoto wakaanza kuharisha. Binti yangu Aline alikauka mpaka akawa analia bila machozi. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, Mungu akasaidia, akapona.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alimzika wa kwake.

Hapo ndo Mama Furaha akachoka. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kamwili kadogo lakini sauti ya tarumbeta.

"Mi nilikimbia masasi ya bunduki," akasema pale msibani. "Maji siikimbie. Kesho tuende tukae mule ndani."

Wanaume wakasema tumepata wazimu. Na kweli, miaka ile kumbishia mwenye bunduki... mnanielewa.

Asubuhi tukaenda. Wahutu, Watutsi, Wakongo. Wengine walikuwa hawajasalimiana tangu vita vianze, leo wamekaa bega kwa bega, vitenge vimelowa hadi kiunoni.

Lori likaja. Honi. Hakuna aliyeinuka.

Dereva akashuka, akakoki bunduki. Siwafichi wakuu, nilijikojolea. Bahati nzuri nilikuwa ndani ya maji tayari 😂

Kamanda wao akafika anafoka: "Mutoke hapo!"

"Apana, chef," Mama Furaha akamjibu (chef kwetu ndo mkubwa). "Ukitaka kutupiga, piga. Lakini uliza kwanza mupishi wako anachota maji wapi."

Mpishi wa kambi alikuwa anachota pale chini petu, maana huko juu malori yalijaa! Tulikuwa tunapishana naye kila siku na mabido yake, yale madumu ya maji.

Mpishi akaitwa. "Ni kweli?" kamanda akamuuliza.

Mpishi akainamisha kichwa. "Ndiyo, chef."

Kamanda akageuka kuwatazama askari wake. Wengi, tulisikia baadaye, walikuwa wamelala wakiharisha wiki nzima, na yeye alikuwa anawatukana kuwa ni wavivu.

Halafu akamwambia dereva: "Rudisha lori. Kuanzia leo mtaoshea kule chini kabisa, mbali na watu. Nikikuta gari hapa, utanijua."

Wakuu, vigelegele vilivyopigwa pale! Mama Furaha alicheza ndani ya maji mpaka akaanguka, akainuka, akaendelea kucheza.

Wiki hiyo hiyo askari walewale walikuja kutusaidia kuzungushia wigo wa matete pale tunapochota. Maji yakarudi kuwa meupe, na matumbo ya watoto yakatulia.

Nilichojifunza: anayechafua maji mara nyingi hajui kuwa na yeye anayanywa. Mwonyesheni. Na msiende mmoja mmoja.

Kwenu huko chanzo cha maji kinalindwa na nani? Tiririkeni, nasoma zote.