Honi Ilikuwa Upande Wangu

Mume wangu aligonga ng'ombe mchana kweupe, halafu akanigeukia akaniuliza, "Mama Pela, mbona hukupiga honi?"

Jamani.

Honi ilikuwa kwenye usukani, katikati ya mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa kama abiria, nimepakata mfuko wa machungwa.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkadhani marehemu alikuwa amerukwa na akili.

Mimi naitwa Eufrasia. Tulikuwa tunakaa Kitaji, Musoma. Mume wangu, Masatu, alikuwa na pikapu kuukuu ya Pijo aliyoachiwa na mjomba wake. Tulikuwa tunapakia dagaa na sato wa kubanikwa, tunapeleka Bunda, siku nyingine Butiama.

Miaka ile ya themanini na kitu, waliokuwepo wanaijua. Sabuni hakuna. Sukari foleni. Spea ndio usiseme kabisa. Gari likikufia, unapiga magoti kwanza ndipo unamtafuta fundi.

Kwetu ikafa honi.

Fundi wetu wa Mwisenge, Luhende, alitafuta honi weee, akakosa. Ya kuokoteza ikapatikana, lakini kibonyezo hakuna. Mwisho akaja na swichi ya kengele, ile nyeupe ya mlangoni kwa watu wenye uwezo.

Akaifunga. Ila hakuifunga kwa dereva. Aliifunga upande wangu, kushoto, chini ya dashibodi, karibu kabisa na mlango.

Nikamuuliza Masatu, "Kwani waya haufiki kwako?"

"Haufiki. Mpiga honi sasa ni wewe. Ukiona kitu chochote upande wako, piga. Usiningoje mimi."

Nilicheka. Ndoa ilikuwa bado mbichi. Nilidhani ni mapenzi.

Kuzoea kile kidude ilikuwa kazi. Mwanzoni nilikuwa nachelewa. Mbuzi ameshavuka, ameshafika kwao, ndio mimi napiga. Siku moja nilipapasa vibaya nikafungua mlango, nusura nibaki barabarani.

Mimba ya binti yetu Pelagia ilipokua, tumbo likawa linazuia mkono. Nikajifunza kupiga kwa goti. Gari linakimbia, mimi goti paa! Mbuzi huyo pembeni.

Pale Bunda sokoni wakinisikia tu wanasema, "Mama Honi kaingia!"

Nilipenda lile jina, sitawaficha.

Kila nikipiga, Masatu alikuwaga anapunguza mwendo, anauliza.

"Nini hicho?"

"Mbuzi."

"Wangapi?"

"Watatu na mtoto wao."

"Wameshapita?"

"Wameshapita."

Nikawa nawaambia wanawake wenzangu kwamba mume wangu anapenda maongezi.

Basi, mambo yakaja yakafunguka. Mitumba ikaingia, sabuni za kila rangi, redio, magari ya kutoka Japani. Pijo yetu nayo ikachoka, chesisi ikakatika vipande viwili, hata Luhende akainua mikono.

Tajiri mmoja wa mjini, Burito, akampa Masatu pikapu yake Hailaksi aendeshe. Gari safi, viti bado vina nailoni.

Siku ya kukabidhiwa nilikuwepo. Masatu alizunguka lile gari mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Burito, naomba tuweke swichi ndogo ya honi upande wa mama."

Burito alicheka mpaka akashika boneti.

"Gari limekuja na honi yake katikati ya usukani, wewe unataka kulitia kengele ya mlango? Masatu, ushamba haujakuisha tu? Haukatwi waya hata mmoja hapa."

Masatu hakucheka. Nyumbani hakugusa chakula. Nikajua ameumizwa na lile neno la ushamba.

Ndani ya gari jipya nilikuwa kama mtu aliyenyang'anywa kazi. Goti langu likiona mbuzi linaruka lenyewe, linagonga plastiki.

Masatu akaniambia, "Wewe uwe unasema tu kwa mdomo."

Sasa jamani, dereva mzima aambiwe na mkewe pale kuna baiskeli, pale kuna kuku? Niliona kama namvunjia heshima. Siku nyingine nasema, siku nyingine nanyamaza.

Tukafika siku ya ng'ombe.

Ilikuwa kabla ya Kiabakari, jua limeshapanda. Masatu alikuwa ananisimulia habari za mjomba wake, anacheka. Ng'ombe akatokea kushoto, mkubwa, mwekundu, anatembea taratibu kama bibi harusi.

Nikamwona. Goti likaruka. Likagonga plastiki.

Nikasubiri Masatu apunguze.

Hakupunguza. Anaendelea na hadithi yake. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma kutoka. Ni kama ndoto ile unakimbia na miguu haiendi.

Puu!

Tulijikuta mtaroni. Samaki wametapakaa barabara nzima. Ng'ombe yuko chini anarusha miguu. Ndipo akanigeukia na lile swali lake.

Mwenye ng'ombe akaja mbio na fimbo, kijana anaitwa Werema. Alipotuona tuna damu, akaishusha fimbo.

"Mzee, ulikuwa umelala?"

Masatu akajibu haraka, "Ndiyo, mwanangu. Nilisinzia. Nisamehe."

Nikapigwa na butwaa. Mtu alikuwa anaongea na kucheka, amesinzia saa ngapi?

Jioni ile Luhende alikuja na lori kutuvuta. Alimkuta Masatu anapapasa ubavu wa gari akitafuta kitasa, na kitasa kiko palepale. Akaniita pembeni.

"Shemeji, hajakuambia mpaka leo?"

"Kuniambia nini?"

Luhende akatazama chini.

"Ule waya ulikuwa unafika. Ulikuwa unafika na kubaki. Yeye ndiye aliniambia, funga kwa mama. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa tangu wakati ule. Akaniapisha nisiseme. Na sasa naona la kulia nalo linamalizika."

Nilikaa chini palepale, katikati ya dagaa.

Miaka yote ile, Bunda kwenda, Bunda kurudi. Pela mchanga mikononi mwangu. Watu wamepanda nyuma juu ya magunia. Na anayeona njia nzima ni mimi, ambaye hata kuwasha gari sijui.

Nyumbani nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Naye akaniuliza,

"Ningekuambia, ungepanda?"

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata kimoja, nikaenda kuchemsha maji ya kumkanda kifua.

Tukaenda Mwanza kwa daktari wa macho. Akammulika, akamuuliza maswali, akavua miwani yake.

"Ni presha ya macho, mzee. Inakula pembeni kwanza, mtu anabaki anaona mbele tu kama anachungulia kwenye bomba. Ungekuja mapema tungeizuia isiendelee. Iliyopotea hairudi."

Masatu akaitikia, "Sawa, daktari," kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Burito alichukua gari lake. Sisi tukahamia Mwisenge, nikawa nauza dagaa kwa kisado, kile kindoo cha kupimia. Haikupita muda akawa haoni kabisa. Alikuwaga anakaa kizingitini, anauliza nani anapita, mimi namtajia. Hasira yangu ilikuwepo, inakuja inaondoka. Kuna siku nilinyamaza makusudi nisimjibu, naye akangoja tu, hakulalamika. Hiyo iliniuma kuliko ng'ombe na mtaro.

Ameshafariki. Mungu amlaze pema.

Sasa, kwa nini naandika leo?

Jumapili iliyopita Pelagia alikuja kunisalimia kutoka Bunda. Ni mama mtu mzima sasa, ana duka lake la vitambaa. Tumekaa tunakula, simu yake ikatoa mlio wa meseji. Akanisogezea.

"Mama, nisomee hiyo. Miwani nimesahau nyumbani."

Nikaipokea. Nikasoma mstari wa kwanza. Halafu nikaishusha simu.

Pelagia hajawahi kuwa na miwani.

Nikamtazama. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, kama anayesikilizia kitu. Glasi ya maji iko kushoto kwake. Alipoitafuta, mkono uliipita kwa mbali, akarudi, akaipata.

"Tangu lini, Pela?"

"Tangu lini nini?"

"Pelagia. Tangu lini?"

Akaanza kulia kabla hajajibu. Akasema alikuwa anaogopa kunisumbua.

Yule daktari alituambiaga ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo. Tulimsikia. Tukarudi nyumbani, shida zikatuzidi, tukasahau.

Ninyi mnaosoma hapa, nawaomba kitu kimoja. Mtu wako akikuomba umfanyie jambo dogo ambalo mikono yake inaliweza, usikimbilie kufurahi kwamba anakuhitaji. Muulize mara ya pili. Akikukasirikia, muulize ya tatu.

Kesho asubuhi tunaenda Mwanza. Pela anasema ana mzigo wa vitambaa unaingia, twende mwezi ujao. Amenuna, hataki hata kuongea na mimi.

Anune tu. Tiketi nimeshakata.