Mtu wa Moroni na Pomboo Wake

Mume wangu Ridjali ana wazimu mmoja tu. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, kabla ya kwenda bandarini kwenye kazi yake ya ukarani, anateremka mpaka kwenye miamba iliyo kati ya Mutsamudu na Mirontsy, anakaa, anatazama pomboo. Na ndege pia: shakwe, na wale weupe wenye mkia mrefu kama uzi. Yote anayaandika daftarini: saa ngapi, wangapi, wametokea upande gani. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilidhani ana mwanamke Mirontsy. Nikajitanda shuka yangu ya shiromani mpaka machoni, nikamfuata. Nikamkuta kajikunyata juu ya jiwe na darubini, anacheka peke yake. Wallahi nilitamani angekuwa na mwanamke. Hilo ningejua pa kulianzia.

Kwao ni Moroni, mji mkuu, kwenye kisiwa kingine. Tulijuana huko, soko la Volo Volo, nilipokwenda kumsaidia shangazi kuuza vitambaa. Alikuja kununua kitambaa cha mama yake, akarudi mara nne, na mama yake alikuwa mmoja. Aliponioa akanifuata Mutsamudu, kama ilivyo ada yetu. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba yangu aliijenga hii kabla sijavunja ungo, na mwanamume huingia na sanduku lake la nguo. Ridjali aliingia na sanduku na madaftari matatu.

Tukaishi miaka kumi na tisa. Kisha ukafika mwaka wa tisini na saba, kisiwa chetu cha Ndzuani kikajitenga na serikali ya Moroni. Sikatai, tulikuwa na haki ya kukasirika: hospitali haina dawa, shule zimefungwa, na kila karatasi sharti ikagongwe muhuri Moroni. Mimi mwenyewe nilipiga kelele barabarani mpaka sauti ikanikauka. Lakini mwezi wa Septemba wanajeshi wa Moroni walikuja kwa bahari kutupiga, wakapigwa wao, watu wakafa, na tangu siku ile kila mtu wa kule akawa adui. Watu waliokula pilau ya harusi yetu wakawa wanamwita mume wangu "yule wa Moroni". Hata jina lake hawalitaji tena.

Siku moja vijana wenye bunduki walimkuta kwenye miamba, wakamnyang'anya daftari. Wakasoma: saa kumi na mbili na robo, arobaini, kutoka magharibi, wamegawanyika makundi mawili. Haya, Moroni iko upande gani? Wakasema ni mashua za askari, Ridjali anawahesabia wenzake. Mkubwa wao alikuwa Housni, mtoto wa dada yangu Rahmati. Housni huyu huyu, ambaye utotoni alikaa juu ya jiwe lile lile na baba yake mdogo akifundishwa kumjua pomboo kwa pezi lake! Alijua vizuri kilichoandikwa mle, akanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bunduki.

Kamati ya mtaa ikaamua: Ijumaa apande boti arudi kwao. Ridjali akawaomba kitu kimoja, waje Jumatano watazame bahari kwa macho yao. Housni akaja. Wakakaa saa nzima. Pomboo hawakutokea hata mmoja, hao wanafiki. Housni akamvuta pembeni, akamwambia aandike thelathini, yeye ataiapia kamati kwamba amewaona, mambo yaishe. Ridjali akafungua ukurasa mpya akaandika: pomboo hakuna, shakwe kumi na wanne.

Aliponisimulia nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia kama anawapenda samaki wake kuliko mimi, aseme. Akaningoja nimalize.

"Nouria," akasema, "wamesema daftari langu ni la uongo. Nikiandika uongo, watakuwa wamesema kweli."

Kisha akaanza kukunja nguo zake sandukuni, polepole, shati juu ya shati, na hapo ndipo hofu iliponishika. Ndugu yake Mouridi alikuwa ameshatuma salamu kutoka Moroni kwamba chumba kipo, lakini aje peke yake, maana kule nako mtu wa Ndzuani hatazamwi kwa jicho zuri. Yaani tuachane. Kwa jambo gani? Kwa pomboo. Nikalia, kisha nikakasirika kwa kuwa nimelia.

Ijumaa asubuhi wakaja watatu. Kichochoro chetu hakipitishi watu wawili bila kugusana mabega, nasi tulitangulia kukaa. Mama yangu, Koulthoum, aliweka kigoda katikati akawa anachagua mchele. Nyuma yake Rahmati. Mimi nikasimama mlangoni.

Housni akaniita mama mdogo kwa adabu zote, akaniomba nimwambie baba mdogo atoke.

"Mume hutolewa na mwenye nyumba," nikasema. "Nyumba hii ya nani?"

Akajibu kwa adabu ile ile.

"Yako, mama mdogo."

"Basi mimi sijamtoa. Siku nitakapomtoa nitakuwa na sababu zangu, nazo ninazo tele, wala sitahitaji bunduki."

Mmoja wao, Charif, akajitia ujasiri, akainua mguu amruke mama. Mama hakuinua hata uso. Akamuuliza yeye ameoa lini. Mwezi uliopita, akajibu. Analala nyumba ya nani? Ya mke wangu, bibi.

"Leo kamati ikimtoa mume wa binti yangu," mama akasema, "kesho itakutoa wewe kwa mkeo. Utamwambia mkeo nini, kwamba njia ulionyesha wewe?"

Charif akanywea, mguu ukarudi ulikotoka. Wote watatu walikuwa wakilala nyumba za wake zao. Wakasema watarudi na wakubwa wao, wakaenda zao. Adhuhuri, wakubwa hao hawajafika, tukasikia honi ya boti ikiondoka, na Ridjali alikuwa jikoni kwangu anakula.

Jumamosi akasema ataacha kwanza kwenda ufukweni mpaka mambo yatulie. Nikamwambia hapana. Kukaa kwenye nyumba yangu kama panya aliyejificha, hilo silitaki. Nikavaa shiromani, uso wazi, nikamshika mkono, nikamtoa kwa njia ya sokoni, mchana kweupe, tupite mbele ya kizuizi cha wenye bunduki. Housni alikuwa hapo. Akauliza tunakwenda wapi.

"Kutazama pomboo," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza samaki. "Mimi na mume wangu, Ridjali."