Mashati ya Majaribio

Mwezi juzi pale Msasani, Tukuyu, bwana mmoja wa tai alikuwa anasaili mafundi wa kuajiriwa na kiwanda kinachouza mashati nje ya nchi. Kila mama alikuja na cherehani yake, akashona shati kwa vitambaa vilivyokwisha kukatwa.

"Haya ni ya majaribio tu, tunayatupa," alisema bwana yule, huku akiyakunja vizuri na kuyapanga kwa saizi kwenye boksi.

Mama mmoja alikuwa anamtazama mikono, si mdomo.

"Baba, kama ni ya kutupa, nipe langu nikadekie."

Jamaa akalikumbatia boksi kama mtoto mgonjwa.

"Ndaga," mama akashukuru kwa Kinyakyusa, akajitwisha cherehani, akaondoka.

Viwanda tunavitaka, tena sana. Ila mpaka leo sijasikia fundi hata mmoja aliyeitwa kazini. Mashati, nahisi, yalishavuka bahari.