Sauti ya Binti Yetu Masikioni

Leo moyo wangu umetua, maana juzi nilidhani nyumba yangu ndiyo imeshavunjika.

Binti yetu ni mkalimani. Wanafunzi wa nchi mbalimbali walikusanyika kujadili umeme wa jua na wa upepo, na yeye aliwatafsiria akiwa nyuma ya ukumbi, kwenye kibanda cha vioo. Mzee wangu, anayechochea tanuri la makaa ya mawe kwenye mtambo wa umeme tangu hajanioa, akasema lazima twende tukamwone mtoto kazini. Akavaa koti la harusi. Tukapewa hedifoni za kusikilizia tafsiri, akaketi anatabasamu peke yake.

Akainuka kijana mmoja mgeni, ana hasira huyo! Masikioni ikatujia sauti ya binti yetu: "Mimi nasema mitambo ya makaa ya mawe ifungwe yote. Wanaoiendesha wanatuua, na mimi sitawasamehe."

Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya msemaji, ndiyo kazi yao. Lakini nani alikuwa amemwambia mzee? Akavua hedifoni, akatoka.

Jioni binti akaja kumweleza. "Baba, yale yalikuwa maneno ya yule kijana."

"Sauti ya mwanangu naijua. Ulisema mimi, mimi, mimi."

"Ndivyo tunavyofanya kazi, baba."

"Basi kafanyie huko huko. Hapa usirudi."

Jamani, mume wangu akinuna, kanuna kweli. Na binti karithi kichwa kigumu hicho hicho. Akabeba mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Mimi nikabaki katikati, roho mkononi. Asubuhi, mkutano ukiwa bado unaendelea, nikamwambia mzee, "Mdomo unao. Twende ukawaambie wenyewe, usimalizie hasira zako kwa mtoto wangu."

Akaja ukumbini, kanuna vilevile. Alipopewa kipaza sauti akasema, "Hayo makaa nayachochea mimi. Ndiyo niliyolishia watoto. Mnataka nife njaa ndiyo mfurahi?" Kibandani binti akayatafsiri, macho chini.

Kisha akasimama mwanafunzi mmoja, msichana mwembamba, akaongea kwa lugha ya kwao. Tukamsikia kwa sauti ile ile ya binti yetu: "Baba yangu naye anafanya kazi kama yako. Nilimwambia mtambo wao ufungwe, wapewe kazi kwenye umeme wa jua. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Mimi simchukii baba. Naogopa tu asije akafa bila kujua hilo."

Sauti ikakatika. Msichana alikuwa ameshamaliza, macho makavu kabisa. Aliyekuwa analia ni wetu.

Mzee akageuka. Hakumtazama msichana, alitazama kibanda. "Mwambie apige tena," akasema. "Baba yake atapokea."

Binti hakuweza kulitafsiri hilo; mkalimani mwenzake akachukua nafasi yake. Mimi nililia mbele za watu, na sioni aibu. Mzee hajarudi hata kwenye kiti chake, simu yake ikaita. Alikuwa binti yetu, yuko mle mle kibandani. Akapokea.