Kaptura ya Kubana Sokoni Awasi

Chekeni tu. Mke wangu ameshacheka mpaka akatoa machozi.

Jumamosi iliyopita timu yetu ya baiskeli kutoka Nyalenda ilienda Awasi kufanya mazoezi. Mimi ndiye mzito wa timu, na siku hiyo nilivaa kaptura mpya ya waendesha baiskeli, ile ya kubana isiyomfichia mtu siri yoyote.

Tulipofika sokoni Awasi, tairi langu likapasuka. Wenzangu walikuwa wameshatangulia. Kuinua macho hivi, namwona mama mkwe anakuja, debe la maji kichwani!

Kwetu mtu hamsogelei mama mkwe hata kama kifungo kimoja cha shati kimetoka, sembuse na mapaja yote haya? Nilinyakua leso iliyofunika rundo la viazi vitamu, nikajifunga kiunoni, nikachuchumaa nyuma ya viazi nikiomba apite.

Hakupita. Alitua debe mbele yangu, akaketi akinipa mgongo, akaanza kupanga viazi. Nilijua anauza viazi. Kibanda chake ndicho sikukijua.

Nikabana pumzi. Mara kapteni wetu, Omosh, akarudi kunitafuta, sauti kama king'ora: "Mama, umeona jamaa mmoja mnene hapa, amevaa kaptura ya kubana?"

Mama mkwe hakugeuka nyuma hata kidogo.

"Wa kaptura sijamwona, mwanangu," akasema taratibu. "Niliyemwona ni mkwe wangu tu, amejifunga leso yangu. Mwambie asiivue mpaka afike nyumbani."